Tafakuri ya Ramadhani, siku ya 22: Na Jumatatu yake?



Ya leo ni ndefu kidogo. Ukiwa na haraka iache, uisome baada ya alasiri wakati ndizi ziko jikoni.

Naanza na kosa langu mwenyewe. Usiku wa kwanza wa mwezi huu nilisimama mlangoni mwa msikiti nikipokea watu. Akaja kijana mmoja ambaye sikuwa nimemwona tangu Idi ya mwaka jana. Nikamshika mkono, nikasema kwa sauti ili na wengine wasikie: "Ahlan, mgeni wa Ramadhani! Karibu, mwezi mmoja tu kisha tuagane." Watu wakacheka. Na yeye akacheka. Nikajiona nimechangamsha mlango.

Tangu usiku ule akawa anaswali safu ya mwisho kabisa, na imamu akitoa salamu tu, yeye keshavaa ndala. Sikulitilia maanani. Mpaka juzi baada ya tarawehe nikamkuta ananisubiri pale kwenye bomba la udhu. Akaniambia maneno ambayo tangu hapo sijalala vizuri. Nayaandika kwa ruhusa yake, bila jina.

"Ustadh, ulichosema usiku ule kilikuwa kweli, ndiyo maana kiliniuma. Mimi najijua. Mwaka jana nilikimbia Moshi, kilomita zote 42. Nikarudi na medali, na tangu siku ile sijakimbia tena hata mara moja. Ramadhani nayo ndivyo ninavyoifanya. Sasa mnatuambia kumi la mwisho tujifunge kibwebwe. Nijifunge vipi wakati moyoni najua kabisa Idi ikipita nitaacha? Huo si unafiki, Ustadh? Si bora nisijifanye?"

Hebu wewe unayesoma, usikimbilie kumjibu. Swali hili si la kijana peke yake. Wangapi tunalo kifuani, ila hatuna ujasiri wa kulisema pale bombani? Mtu anayejua atapungua, je, ana haki ya kujitahidi? Au juhudi ambayo mwisho wake unaujua ni maigizo mbele ya watu na mbele ya Mola?

Sikuwa na jibu la papo hapo. Nikamwambia tukae, kwanza anisimulie hizo mbio.

Kilimanjaro Marathon mnaijua. Ilianza mwaka 2003, na siku hizi hukimbiwa Moshi mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi. Na kwa kuwa mwezi wetu hurudi nyuma siku kama 11 kila mwaka, katika miaka hii mbio hizo na Ramadhani zimekuwa majirani wa ukuta kwa ukuta. Kijana wetu hakuwa mwanariadha. Alikuwa mtu wa kawaida wa kahawa na migomba, kama mimi na wewe. Rafiki yake alimtania kwamba hawezi, akajiandikisha.

Akanieleza alivyojiandaa, na wallahi nilimsikiliza kama darsa. Miezi minne. Alianza na dakika 20, anakimbia kidogo anatembea kidogo. Kila wiki siku moja ya mwendo mrefu: kushuka kuelekea mjini Bukoba, kisha kurudi akipanda, mpaka zikafika siku za kukimbia saa tatu mfululizo. Viatu alivinunua kwenye mitumba wiki nyingi kabla, kwa sababu aliambiwa asithubutu kuvaa kiatu kigeni siku ya mbio. Chakula vilevile. Alichokizoea ndicho alichokula, hakujaribu cha hotelini Moshi. Wiki mbili tatu za mwisho akapunguza mazoezi ili miguu ifike ikiwa mipya. Alijua asianze na wale wanaofyatuka kama mbuzi waliofunguliwa zizini. Alijua kwamba ukifika kilomita 30 hivi, sukari ambayo mwili umeiweka kwenye misuli na ini inakuwa imekwisha, miguu inageuka magogo, na hapo hakuna ujanja ila subira. Alijua kuhusu mlima wa kuelekea Mweka. Alijua hata nani atamshikia simu ampige picha akivuka mstari.

Nikamuuliza, "Na Jumatatu yake?"

Akanitazama kama hakusikia. "Jumatatu ipi, Ustadh?"

Mbio zilikuwa Jumapili. Mpango wake wote, siku kwa siku kwa miezi minne, uliishia kwenye ule mstari. Ng'ambo ya mstari palikuwa peupe. Alivuka, akalia, akapigwa picha, akapanda basi, safari yote ile kutoka Moshi mpaka huku kwetu na miguu imevimba. Wiki ya kwanza hapa Maruku alikuwa akishuka mteremko kinyumenyume, watoto wakimcheka. Wiki ya pili miguu ikapona. Kilichobaki kuuma ni kwamba asubuhi anaamka na hakuna pa kwenda. "Nilijisikia kama mtu aliyefiwa," akasema, "na sikujua nimefiwa na nani." Medali akaitundika kwenye msumari. Viatu akampa mdogo wake.

Wanaokimbia muda mrefu wanalijua hilo. Watu wengi wanaokimbia marathoni kwa mara ya kwanza hupatwa na ukiwa huo siku chache baada ya kumaliza, na si kwa sababu ni wavivu. Ndiyo maana makocha wazuri humwambia mtu mapema, kabla hajafika hata kwenye mstari wa kuanzia: andika utafanya nini baada. Wiki ya kwanza pumzika, tembea tu. Kisha mbio fupi, za polepole, bila saa. Baadaye chagua siku nyingine ndogo mbele yako, hata ya kilomita tano. Na mpango huo uandikwe kabla, maana baada ya mstari akili imechoka kuliko miguu.

Sasa turudi kwenye swali la unafiki.

Yupo sahaba aliyeliuliza kabla ya kijana wetu. Hanzala (r.a.), mmoja wa waandishi wa Mtume (s.a.w.). Imam Muslim ameipokea habari yake. Alikutana na Abubakar (r.a.) akamwambia kwamba yeye Hanzala amekuwa mnafiki. Abubakar akashangaa, akamuuliza vipi. Akaeleza: wakiwa mbele ya Mtume, akiwakumbusha Pepo na Moto, ni kama wanaviona kwa macho. Wakirudi nyumbani, kwa wake na watoto na mashamba, mengi wanayasahau. Abubakar, Abubakar yule tunayemjua, akakiri kwamba hata yeye ndivyo anavyohisi. Wakaenda wote wawili kwa Mtume. Jibu walilolipata ni kwamba lau wangebaki daima katika ile hali waliyokuwa nayo mbele yake, malaika wangewapa mikono vitandani na njiani; lakini mambo ni saa na saa.

Tazama basi. Hakumwambia Hanzala kwamba ile saa ya juu ilikuwa ya uongo kwa sababu ya saa ya chini. Kupungua hakufuti kilichotangulia. Mtu aliyekimbia kilomita 42 Jumapili na Jumatatu akashindwa kushuka ngazi hakuwadanganya watu. Alikimbia kweli. Mnafiki ni mwingine kabisa: ni yule aliyeficha asichokiamini nyuma ya anachokionyesha. Huyu wetu anaogopa asije akawa anadanganya. Mnafiki halali bila usingizi kwa hofu hiyo.

Kwa hiyo lile neno lake, "si bora nisijifanye", nililikataa. Kumi la mwisho lile aliloliogopa ni lake kama lilivyo la sheikh yeyote. Kama usiku mmoja kati ya hizi ni Laylatul-Qadr, hatutaulizwa mlangoni kama tutaendelea hivyo hivyo mwezi wa Rajab.

Lakini ngoja. Usiifunge simu ukasema "alhamdulillah, saa na saa" ukarudi kulala. Katika Suratun-Nahl, aya ya 92, Allah (s.w.t.) anatukataza tusiwe kama mwanamke aliyeusokota uzi wake ukawa imara, kisha akaufumua wote nyuzi nyuzi. Aya inazungumza juu ya kuvunja ahadi, na masheikh wetu hupenda kuikumbusha kila Shawwal. Mimi naona kuna tofauti kubwa kati ya aliyeuweka uzi chini akapumzisha mikono na aliyeufumua. Wote wawili, ukiwatazama kwa mbali siku ya pili ya Idi, hawasokoti. Ukiwakaribia unaona mmoja uzi wake upo kikapuni.

Kinachowatofautisha ni nini? Sidhani ni imani ya juu ya mmoja na ya chini ya mwingine. Mara nyingi ni kitu kidogo sana, hata aibu kukitaja kwenye mawaidha: mmoja alipanga pa kuuweka.

Nyinyi wenye vibanja mnalijua hili kuliko mimi. Mgomba unazaa mara moja tu. Ukishakata mkungu, ule mti umekwisha kazi yake, utaoza uwe mbolea. Mkulima wa Kihaya halii kwa ajili hiyo wala hausemi mgomba kwamba ni mnafiki. Lakini nani kati yenu anangoja mpaka akate mkungu ndipo aanze kutafuta chipukizi? Ukipita kwenye kibanja kilichotunzwa unakuta shinani mama, mtoto na mjukuu. Mama ana mkungu, mtoto anapanda, mjukuu ndiyo kwanza anachomoza. Machipukizi mengine yote yameng'olewa, maana yakiachwa kumi yatanyang'anyana chakula na hakuna litakalozaa vizuri. Anayechagua chipukizi anachagua wakati mama bado amesimama. Sisi na Ramadhani tunangoja mkungu ukatwe, kisha tunashangaa shina limebaki tupu mwaka mzima.

Mbio zenyewe zina mfano wa dada mmoja ambaye ningependa binti zetu wamjue. Sifan Hassan alizaliwa Adama, Ethiopia, akaingia Uholanzi mwaka 2008 akiwa na miaka 15, akiwa mkimbizi kabla hajawa mkimbiaji. Uwanjani alikwishapata dhahabu za Olimpiki, lakini marathoni hakuwahi kukimbia. Ya kwanza kwake ilikuwa London, Aprili 23, 2023. Angalia kalenda: ni siku moja au mbili tu baada ya Idi. Maana yake wiki za mwisho za maandalizi zilikuwa ndani ya Ramadhani, na alikuwa akifunga. Hata kuokota chupa ya maji huku anakimbia hakukuzoea, kwa sababu mchana hakunywa. Siku ya mbio nyonga ikamsumbua. Katikati ya mashindano, mbele ya mabingwa wa dunia, akasimama kando akajinyoosha. Wenzake wakaenda. Watu kwenye televisheni wakasema basi, huyu kaacha. Akarudi barabarani. Karibu na mwisho alikata njia kufuata maji nusura agongane na pikipiki. Akawafikia, akashinda kwa saa 2:18:33.

Ushindi ni wake, Allah kampa. Sisi tuangalie kule kusimama. Waliomtazama walidhani kusimama ni kuacha, yeye alijua si kitu kimoja. Na tuangalie baadaye yake. Agosti mwaka ule ule alikuwa Budapest kwenye mashindano ya dunia, akapata medali mbili za mbio za uwanjani. Oktoba akashinda Chicago kwa 2:13:44. Mwaka uliofuata, Agosti 11, 2024, akashinda marathoni ya Olimpiki Paris, na medali akaipokea akiwa na hijabu kichwani. London haikuwa mkungu wa mwisho.

Hapa mtu ataniambia: Ustadh, huyo ni Sifan, mimi ni mtu wa Maruku na magoti mabovu. Sawa. Ndiyo maana namleta Abdullah bin Amr bin Al-Aas (r.a.), ambaye shida yake ilikuwa kinyume na yetu. Alikuwa kijana mwenye nguvu, akaazimia kufunga kila siku na kusimama kila usiku. Mtume (s.a.w.) akamwita, akamwelekeza afunge siku tatu kwa mwezi. Abdullah akasema anaweza zaidi. Akaongezewa. Akasema anaweza zaidi. Wakafika kwenye funga ya Nabii Daud, siku moja kufunga siku moja kula, na juu ya hapo hakuna. Habari hii imo kwa Bukhari na Muslim. Kinachonigusa mimi ni kilichotokea miaka mingi baadaye. Abdullah alipozeeka, mwili umelegea, alikuwa akisema laiti angelikubali ile nafuu aliyopewa. Lakini hakutaka kuacha alichoachana nacho Mtume.

Ujanani alipanga kwa mwili wa siku ile. Mtume (s.a.w.) alikuwa anampangia hata yule mzee ambaye Abdullah bado hajakutana naye.

Hapo ndipo penye kiburi chetu, na nalisema nikijihesabu. Tukipanga baada ya Ramadhani tunaona haya kupanga kidogo. Mtu aliyesoma juzuu kwa siku ataonaje kuandika "ukurasa mmoja"? Inaonekana kama kumpunja Mola. Basi anaandika juzuu, anashindwa siku ya tatu ya Shawwal, anaacha yote, na kiburi chake kimebaki kizima: hakuwahi kushuka hadi ukurasa mmoja. Bi Aisha (r.a.) ametupokelea kwamba amali zipendezazo zaidi kwa Allah ni zile zinazodumu, ingawa ni chache. Kila Ramadhani tunaisoma. Ni nani kati yetu ameiamini kiasi cha kuandika kitu kidogo kweli kweli na asione aibu?

Mfano wa mbio nao una mwisho wake, tusiuvute ukakatika. Mkimbiaji hupunguza siku za mwisho. Sisi siku hizi ndizo za kukaza, ndivyo Mtume alivyokuwa akifanya kumi la mwisho na kuwaamsha watu wa nyumba yake. Mkimbiaji akitaka anaweza kuacha mbio maisha yake yote asipate dhambi. Swala tano hazina likizo ya Shawwal. Na kwa wanaoniuliza kila mwaka: michezo peke yake si udhuru wa kula mchana. Anayesafiri safari ndefu ana ruhusa ya msafiri na atalipa, na mwenye sukari au maradhi mengine amwone daktari na sheikh kabla hajajaribu ushujaa.

Lakini jambo moja linalingana sawasawa. Siku ya Idi kufunga ni haramu. Umewahi kulitafakari? Baada ya siku 29 au 30 za kufunga, sheria yenyewe inakuamuru ule. Mapumziko hayo umepewa, hukuyaiba. Kisha ndipo unafunguliwa mlango wa sita za Shawwal, na jamhuri ya wanazuoni hawakulazimisha zifuatane. Mwezi mzima uko mbele yako. Dada zetu wenye deni la Ramadhani, wengi wa masheikh hupendekeza muanze na deni.

Sasa niseme na sisi wenyeji wa msikiti, maana kijana nimeshamsema vya kutosha.

Mwaka 1968, Oktoba 20, John Stephen Akhwari wa Mbulu alikimbia marathoni ya Olimpiki Mexico. Alianguka, akaumia goti. Walioanza ni 75, waliomaliza 57, na yeye ndiye wa 57. Alifika zaidi ya saa moja baada ya mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia, giza limeshaingia, uwanja umekaribia kuwa mtupu. Alichowajibu waandishi wa habari kila mtoto wa shule Tanzania anakijua. Lakini kuna mambo mawili hatuyasimulii. La kwanza, hadithi haikuishia pale. Miaka miwili baadaye, Edinburgh, kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola ya 1970, mtu yule yule alimaliza marathoni akiwa wa tano. Alirudi nyumbani, goti likapona, akaendelea na mazoezi bila kamera.

La pili ni wale waliobaki uwanjani. Walikuwa wachache, na walipomwona anaingia anachechemea, wakampigia makofi.

Mimi usiku wa kwanza wa Ramadhani nilikuwa uwanjani, mtu akaingia anachechemea, nikamfanyia mzaha.

Na si mzaha tu. Tujitazame jinsi tunavyoendesha nyumba hii ya Allah. Ramadhani kuna darsa ya alasiri, futari ya pamoja, taa ya nje, maji kwenye mapipa, vijana wamepewa kazi ya kupanga viatu na kugawa tende. Kila mtu ana mahali. Siku ya pili ya Idi mikeka ya nje inakunjwa, taa inazimwa, darsa "imesimama hadi itakapotangazwa", na haitangazwi. Mwenye kugawa tende hana tena cha kugawa. Kisha tunakaa barazani tunalalamika vijana wamepotea. Wamepotea kutoka wapi? Walikuwa na kazi, tukaifuta sisi, siku moja, yote. Kijana alikosa mpango wa Jumatatu, na msikiti nao hauna. Yeye alau hakuwahi kukimbia kabla. Sisi Ramadhani hii si ya kwanza kwetu.

Jana nilimtafuta nyumbani kwao. Nilimwomba radhi, na niliomba mbele ya mdogo wake, kwa kuwa nilimkosea mbele ya watu. Akaniletea kahawa ya kutafuna kwenye kikapu, kisha akakumbuka tumefunga, tukacheka wote wawili, safari hii kweli. Nikamwambia tuandike Jumatatu yake kabla mwezi haujaisha. Nilitarajia ataandika mengi. Akachukua kalamu akaandika mistari miwili: Alfajiri msikitini siku ya Jumamosi na Jumapili, kwa kuanzia, na siku nyingine ataiswali nyumbani kwa wakati wake, na baada ya hiyo Alfajiri, kukimbia mpaka barabara kuu na kurudi. Viatu atamwomba mdogo wake.

Nilitaka kumwambia aongeze. Nikamkumbuka Abdullah bin Amr, nikanyamaza.

Nawe leo kabla ya futari chukua kipande cha karatasi. Usiandike kwenye simu, kitapotea chini ya picha za Idi. Andika kitu ambacho hata wewe mchovu, wewe mwenye hasira, wewe wa msimu wa kuchuma kahawa, utakiweza. Kionyeshe mtu mmoja tu unayemwamini, akuulize mwezi wa Dhul-Qaada.

Kamati ya msikiti ilikutana jana usiku baada ya tarawehe. Darsa haitasimama. Itakuwa mara moja kwa wiki, Jumatatu baada ya Maghrib, kuanzia Jumatatu ya kwanza baada ya Idi, nusu saa na chai. Taa ya nje itaendelea kuwaka kuanzia Maghrib mpaka Isha. Tunahitaji watu wanne wa kuchangia umeme wake kwa zamu. Anayepanga viatu sasa ataendelea kupanga viatu. Mlangoni nitasimama mimi.

Wabillahi tawfiq.